Mwalimu Yupo Shuleni, Kipindi Hakipo

Kitabu cha mahudhurio ya walimu hukaa ofisini kwa mwalimu mkuu. Kinaonyesha nani kafika na saa ngapi, na shule nyingi huchora mstari mwekundu chini ya saini ya mwisho ili wachelewaji wajulikane. Nani aliingia darasani, hakisemi.

Pengo hilo limepimwa. Utafiti uliofanywa kwa takwimu za Benki ya Dunia kutoka nchi 7 za Afrika, zikiwamo Kenya, Uganda na Tanzania, na kuchapishwa mwaka 2017, ulibaini kwamba asilimia 44 ya walimu hawakuwamo darasani walipotembelewa kwa kushtukiza. Karibu nusu yao walikuwa shuleni hapo hapo. Ratiba ilimwahidi mwanafunzi saa 5 na dakika 27 za masomo kwa siku. Alizopata ni saa 2 na dakika 46.

Sababu ni nyingi: vikao, rundo la madaftari ya kusahihisha, darasa lenye watoto zaidi ya mia. Lakini moja haitajwi sana, nayo ni kutojiandaa. Mwenye somo mkononi huenda darasani kengele ikilia. Asiyejua aanzie wapi atatafuta chaki, ataazima kitabu, atamwita kiranja amuulize walipoishia. Katika kipindi cha dakika 40, dakika 10 za namna hiyo ni robo nzima.

Andalio la somo lingepaswa kuziba mwanya huu, ila limegeuzwa karatasi ya mthibiti ubora. Si ajabu kulikuta limenakiliwa la mwaka jana, na sehemu ya tathmini imeshajazwa kwamba wanafunzi wengi wameelewa, kabla somo halijafundishwa!

Wapo wanaopendekeza udhibiti mkali. Huko Rajasthan, India, walimu walipigwa picha kwa kamera yenye tarehe na saa, malipo yakafuata siku walizofundisha; utoro ukashuka kutoka asilimia 42 hadi 21, na watoto wakafaulu zaidi. Hata hivyo, kila shule katika jaribio hilo ilikuwa na mwalimu mmoja tu: akifika, darasa limepata mwalimu. Kwenye shule yenye walimu 20 na ofisi yao, picha ya getini haithibitishi kitu.

Kenya ilishika njia nyingine. Mpango wa kusoma wa Tusome, ulioenea nchi nzima kuanzia mwaka 2015, uliwapa walimu wa madarasa ya mwanzo ya shule ya msingi miongozo ya kila somo, kila mtoto kitabu chake, na maofisa wa kuketi darasani na kumshauri mwalimu. Usomaji ulipanda. Walimu wengine hulalamika kwamba mwongozo unawafunga, na malalamiko hayo yana uzito. Lakini mwongozo unaofuatwa una faida zaidi kuliko andalio zuri lililofungiwa kabatini.

Wakuu wa shule wanaweza kuanza bila fedha za mfadhili: daftari la vipindi likae kwa kiranja, liandikwe saa mwalimu alipoingia na alipotoka, na mwalimu mkuu alisome kila Ijumaa.