Papasi, Homa na Darasa la Uganga: Ifakara tangu 1957

Bonde la Kilombero hujaa maji wakati wa masika, na kabla ya daraja kujengwa katika miaka ya 2010, aliyetaka kutoka Ifakara kwenda Mahenge hakuwa na budi kungoja pantoni pale Kivukoni. Mtu akishikwa na homa mbali na mji, aliye karibu naye ni mganga wa zahanati, wala si daktari bingwa. Basi alichofundishwa mganga yule ndicho atakachotibiwa mgonjwa.

Mwaka 1957 Profesa Rudolf Geigy wa Basel, Uswisi, alianzisha maabara Ifakara. Miongoni mwa aliyoyachunguza ni papasi, mdudu akaaye katika nyufa za nyumba za udongo, atokaye usiku kumwuma aliyelala na kumwachia homa ya kurudirudi. Mwaka 1961 kikafunguliwa papo hapo chuo cha waganga wasaidizi. Ujirani huo, kwa maoni yangu, ulizidi thamani ya hadubini zote: somo la papasi liliweza kufundishwa kwa ushahidi uliotoka katika nyumba za wenyeji wenyewe, si katika kitabu cha ng'ambo tu.

Lakini ushahidi nao hupitwa na wakati. Kwa miaka mingi ilifundishwa kwamba mtoto mwenye homa apewe dawa ya malaria bila kungoja kipimo. Somo hilo halikuwa la upuuzi, maana malaria iliua upesi na vipimo havikuwapo zahanatini. Baadaye vyandarua vyenye dawa vilienea. Uchunguzi wa Kilombero na Ulanga uliotangazwa mwaka 2001 ulionyesha kuwa viliongeza kunusurika kwa watoto wadogo kwa asilimia 27. Mwaka 2008 wakachunguzwa watoto 1,005 wenye homa, wa Dar es Salaam na Ifakara. Wenye malaria walikuwa kama 10 tu katika kila 100. Wenye maradhi ya njia ya hewa walikuwa 62. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani liliagiza homa ipimwe kwanza. Mwalimu aliyeendelea kusoma daftari lake la zamani alimfunza kijana kumpa mwenye nimonia dawa isiyomfaa.

Je, mafunzo yenyewe nayo yamepata kupimwa? Yamepimwa, na Kilombero ilihusika kwa namna ya ajabu kidogo. Waganga wa Morogoro Vijijini na Rufiji walipofunzwa utaratibu mpya wa kutibu watoto, Kilombero na Ulanga, ambako mafunzo hayo hayakuwa yamefika, ziliwekwa kuwa za kulinganishia. Matokeo yalitangazwa mwaka 2004. Vifo vya watoto vilikuwa pungufu kwa asilimia 13 kule kulikofunzwa, tofauti ambayo peke yake haikutosha kuondoa shaka. Ila ubora wa matibabu ulionekana wazi, kwa kuwa wachunguzi hawakusoma karatasi za mitihani, bali walikwenda zahanatini kumtazama mganga akiwa na mtoto mgonjwa mbele yake.