Kabla Haijaitwa OCD

Wasee, hii shida si ya jana. John Bunyan, fundi wa masufuria kule Elstow, Uingereza, alipenda kupiga kengele za kanisa. Kisha akaanza kuogopa kengele itamwangukia kama adhabu. Akajificha chini ya boriti, akahamia mlangoni, mwishowe akatoroka: je, mnara wote ukianguka? Baadaye wazo la kumuuza Kristo likamganda, hata akiinama kuokota pini. Hayo yote aliyachapisha mwenyewe.

Hakuna daktari atampima leo, lakini mimi najiona hapo. Niliacha chuo kwa kurudia jibu moja mpaka mtihani unaisha. Nikajiita mwizi wa karo aliyotafuta mathe. Sasa najua: ukihama boriti, woga unahama nawe. Wazo kukujia si dhambi umetenda. Leo nafunga mlango mara moja, naenda na shaka yangu.