Ujira wa Maneno: Adabu ya Lugha na Kazi ya Kujitolea katika Historia ya Programu Huria za Kiswahili

Mwezi Desemba mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilizindua programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, ikaitwa Jambo OpenOffice. Ilikuwa zao la mradi wa Kilinux, uliowaunganisha wataalamu wa kompyuta wa chuo hicho na kampuni ya Kiswidi ya IT+46. Jina lenyewe lilinifanya nitabasamu, kwa kuwa "jambo" tupu ni salamu tunayowaachia watalii. Sisi wenyewe huulizana "hujambo", tukakanusha kuwapo kwa jambo. Hata hivyo, uzinduzi ule ulikuwa tukio kubwa. Programu huria ni ile ambayo kila mtu ana ruhusa ya kuitumia, kuichunguza, kuirekebisha na kuigawa. Kwa hiyo wasemaji wa Kiswahili hawakuhitaji kungoja idhini ya kampuni yoyote ili kompyuta iseme lugha yao.

Kwa mwanaisimu, tafsiri ya aina hii huibua suala la adabu mara moja. Neno "futa" katika orodha ya amri ni kauli ya nani kwa nani? Hapo binadamu anaiamuru mashine, na amri kavu haimuudhi mtu. Lakini "ingiza nenosiri" ni kauli ya mashine kwa binadamu, ambaye huenda ni mzee wa miaka sabini. Kiingereza hutumia umbo lilelile la kitenzi katika hali zote mbili. Kiswahili kina ngazi zaidi: "ingiza", "uingize", "tafadhali ingiza", "naomba uingize". Mfasiri hana budi kuchagua, na uchaguzi wake utasomwa na watu asiowajua.

Ngazi ya tatu, ambayo wanahistoria wa teknolojia hawaitazami vya kutosha, ni lugha ya wafasiri na watengenezaji baina yao. Wengi wao hawalipwi. Hapa Ilemela tuna kipimo cha kulinganishia. Katika Usukuma, vikundi vya vijana vililima mashamba kwa pamoja chini ya kiongozi aliyeitwa nsumba ntale, na ngoma ya bugobogobo, inayochezwa kwa majembe, ilitokana na kilimo hicho. Ngoma na wimbo viliweka mwendo wa kazi. Aliyelimiwa leo alijua kwamba kesho atalima kwa mwenzake, na mwenye shamba aliwakirimu wakulima chakula. Haikuwa hisani tupu. Ilikuwa deni linalozunguka, na kila mmoja aliliona deni hilo kwa macho yake.

Katika programu huria deni hilo halionekani. Mwanafunzi wa Pasiansi anayetafsiri sentensi mia mbili usiku hatamwona mkulima wa Sengerema atakayezitumia. Hakuna ubwabwa shambani. Kitu pekee kinachomrudia ni maneno: "ahsante", au "hii ni makosa, rekebisha haraka". Ndiyo maana ninashikilia kwamba katika jumuiya hizi lugha ya staha ni ujira, wala si pambo.

Jumuiya kubwa zenyewe zimelitambua hilo, baadhi mapema, baadhi kwa kuchelewa. Mfumo wa Ubuntu, uliotolewa mwaka uleule wa 2004, ulijiwekea kanuni za maadili tangu mwanzo. Jina lake ni ndugu wa "utu" wetu, na mzizi huohuo umo katika "munhu" wa Kisukuma. Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, ilikuwa na sifa tofauti: Torvalds aliwakaripia wenzake hadharani kwa maneno makali kwa miaka mingi. Septemba 2018 aliomba radhi kwa maandishi, akapumzika kwa muda, na jumuiya ikapitisha kanuni mpya za maadili. Wapo waliomtetea, wakisema ukali hulinda ubora. Hoja hiyo hainishawishi. Mvuvi wa Kayenze humweleza mwenzake kwamba wavu umeshonwa vibaya, na humweleza waziwazi, lakini baada ya kumwamkia.

Tatizo letu ni zito zaidi kwa sababu tu wachache. Programu hubadilika kila toleo: mwaka 2010 LibreOffice ilijitenga na OpenOffice, na tafsiri ya 2004 isingeweza kutosheleza mahitaji ya matoleo yaliyofuata. Kazi hii haina mavuno ya mwisho. Kila mjitoleaji anayeondoka kwa kuvunjwa moyo huacha pengo ambalo lugha kubwa haziwezi hata kuliona, ilhali kwetu ni robo ya kikosi.

Mivutano mingi niliyoisoma inahusu istilahi: "tarakilishi", iliyozoeleka Kenya, au "kompyuta", "nywila" au "nenosiri". BAKITA, lililoundwa mwaka 1967, lina mamlaka ya kusanifisha istilahi nchini Tanzania, lakini mfasiri wa Mombasa hawajibiki kwalo. Nsumba ntale aliweza kukata shauri jioni hiyohiyo, shambani. Wafasiri wetu hawana mtu wa namna hiyo, na mimi sipendekezi apatikane mmoja. Ninachopendekeza ni kwamba anayelibadilisha neno la mwenzake aandike sababu yake chini ya neno hilo, amtaje aliyelitangulia, na angoje jibu kabla ya kulifuta.