Mnong'ono wa Mjomba

Mjomba wangu alipiga inanga. Watu wa Bukoba mtasema enanga, sawa, ni ndugu: ubao mrefu uliochongwa kama sinia, nyuzi zikapitishwa juu yake huku na huku. Lakini kwetu Ngara, karibu na mto Ruvubu, yeye aliipiga kwa namna ya ng'ambo, ya Warundi. Haimbi. Ananong'ona.

Alipofariki tulikuwa na kanda yake moja tu. Binamu akaipeleka kwenye kibanda cha kuingiza nyimbo, ikageuzwa kuwa MP3, halafu kwenye kanda yenyewe tukarekodi kwaya. Mimi nilikubali. Nani angehifadhi kanda wakati nyimbo ziko kwenye simu? Siku ya kumaliza matanga tukachomeka flashi kwenye sabufa. Mama akasikiliza kama dakika mbili, akasema: "Hizo ni nyuzi. Kaka yangu yuko wapi?"

Imenichukua miaka kulielewa swali hilo, na jibu lake linapita mbali sana na Kagera.

Kwanza mnong'ono wenyewe. Nyuzi za inanga zina sauti ndogo, ukiimba kwa koo lote unaziua. Ndiyo maana mpigaji ananong'ona, na pumzi tupu haina kupanda wala kushuka kwa sauti kama wimbo. Ila ukisikiliza utaapa kwamba mzee anaimba. Mtafiti Cornelia Fales aliliandikia jambo hili mwaka 2002: nyuzi zinafuata mpando na mshuko wa maneno ya Kirundi, na sikio la msikilizaji ndilo linaloichukua sauti ya nyuzi na kuivisha pumzi. Wimbo haumo kwenye nyuzi wala kwenye pumzi. Umo katikati. Ukiondoa kimoja, umeondoa vyote.

Sasa njoo kwenye MP3. Wajerumani wa Fraunhofer, akiwemo Karlheinz Brandenburg, waliiunda kwa hoja moja ya busara: sikio halisikii kila kitu. Sauti kubwa huifunika ndogo iliyo jirani, kwa hiyo hiyo ndogo itupwe, nafasi ipatikane. Inasemwa sana, na ni kweli, kwamba Brandenburg aliujaribia mtambo wake kwa wimbo wa Suzanne Vega, "Tom's Diner", sauti ya mwanamke peke yake bila ala, kwa sababu ndiyo iliyoharibika vibaya mwanzoni. Laiti angepata na kanda moja kutoka Ruvubu! Kwa kipimo kikubwa MP3 ni nzuri, sibishi. Lakini faili letu lilibanwa kwa kilobiti 64 kwa sekunde. Kwa kipimo hicho pumzi ya mtu haina tofauti na uchafu wa kanda, na milio ya juu, ambako mnong'ono ndiko unakoishi, inakatwa. Kilichobaki nyuma ya nyuzi kilisikika kama maji yanayoanza kuchemka.

Kumbe wakati tunafanya hayo, dawa ilikuwepo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Tony Robinson wa Cambridge alitoa Shorten, programu ya kubana sauti bila kutupa hata chembe. Julai 2001 Josh Coalson, Mmarekani, akatoa toleo la kwanza kamili la FLAC, bure, yeyote alitumie. Apple wakaja na yao, ALAC, mwaka 2004, wakaifungua kwa wote 2011. FLAC ikaendelea mpaka Desemba 2024 ilipoandikwa rasmi kuwa kanuni ya intaneti, RFC 9639.

Inavyofanya kazi, hata karani wa kahawa angeielewa. Badala ya kuandika kilo zote kila siku, anakisia ya leo kwa kutazama za siku zilizopita, kisha anaandika tofauti tu: zimezidi mbili, zimepungua moja. Tofauti ni namba ndogo, na namba ndogo zinakula nafasi ndogo. Kuziandika kwa ufupi FLAC inatumia mbinu ya Robert Rice, aliyeibuni miaka ya 1970 kwa ajili ya takwimu za vyombo vya anga za juu. Siku ukitaka, daftari lote linarudi kama lilivyokuwa, namba kwa namba, na ndani ya faili kuna alama ya kuhakikishia hilo.

Kwa nini basi kibandani hakuna aliyeitaja? Hesabu. Kanda ya dakika 60 ikiingizwa kwa kipimo cha CD inakula kama megabaiti 635. FLAC inaishusha kuwa nusu au zaidi kidogo. Kwa kilobiti 64 inakuwa 29. Memori kadi ya gigabaiti 2 ingebeba kanda tatu za namna ya kwanza, au karibu 70 za namna ya mwisho. Mteja anataka nyimbo nyingi, bwana. Simlaumu kijana wa kibanda.

Nilipojua haya nikafanya ujinga mwingine: nikaigeuza ile MP3 kuwa FLAC. Faili likavimba mara kadhaa, mjomba hakurudi. FLAC inatunza ulichompa, na mimi nilimpa maji yanayochemka.

Halafu mama akakumbuka. Mjomba alinunua redio kaseti yake baada ya ule Aprili 1994, watu kama 250,000 walipovuka Rusumo kwa siku moja hivi na Benako ikawa mji na soko. Mwaka uliofuata ilipoanza Radio Kwizera pale Ngara, ya Wajesuiti wanaohudumia wakimbizi, alikuwa hatoi kidole kwenye kitufe cha kurekodi. Na alijirekodi mwenyewe, akampelekea mama mdogo, aliyeolewa Nyakahura, wilaya ya Biharamulo.

Nikaenda. Mama mdogo alizitoa kanda mbili kwenye kopo la maziwa. "Haziondoki hapa," akasema. "Nimesikia mlivyoifanya ile." Kwa hiyo nikarekodi palepale: redio kaseti ya jirani, kichwa chake nikakisafisha kwa spiriti, waya hadi kompyuta, sampuli 48,000 kwa sekunde, biti 24. Kanda inavuma, jogoo anawika katikati, upande B umeliwa mwanzoni. Ila nyuma ya nyuzi kuna pumzi, na baada ya muda pumzi ikaanza kuimba. Nilimpigia mama simu nikaisogeza kwenye spika. Kejeli tupu, maana simu inabana sauti kuliko MP3. Hakusema kitu, lakini hakukata.

Kabla sijaondoka mama mdogo akanipa kiswaswadu chake. Akataka naye awe nayo humo. Hakikuweza kufungua FLAC, nikamtengenezea MP3 ya kilobiti 256 kutoka kwenye faili kubwa, nikamwambia hiyo ni nakala tu, mama yake yupo kwangu.

Nikaomba ile kanda ya pili. Akaifungia kwenye kopo.

"Hiyo ni ya mazishi ya babu yenu. Kwanza nisikie hii mwaka mzima, nione kama haiharibiki."

Amebakiza miezi minne.