Mzee wa Miaka 70 na Kompyuta Iliyogoma Kuwaka: Stori Hii Inaanzia 1974

Leo sina umbea wa msanii yeyote. Leo nina stori ya baba mwenye nyumba wangu, na jina lake silitaji kwa sababu kodi ya mwezi huu bado nadaiwa, sitaki tukutane vibaya pale bombani.

Mzee ana miaka 70. Mtaani kwetu huku Temeke wanamjua kama fundi redio, na kibao chake cha bati bado kipo ukutani ingawa maandishi yameshafifia. Wiki tatu zilizopita kaniita barazani. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, halafu akasema: "Kijana, wewe si unashinda kwenye simu? Hebu njoo unisaidie macho."

Hakusema nimsaidie akili. Kasema macho. Shika hilo neno, tutalirudia.

Ndani nikakuta meza imejaa. Boksi tupu la chuma, madabodi, feni, pawa saplai, na skrubu ndogondogo kwenye kisahani cha chai. Mzee anaunga kompyuta yake mwenyewe! Alikuwa na moja ya zamani aliyoachiwa na mwanae, ikakataa Windows 11, na ile Windows 10 huduma yake ya kawaida ilifungwa tarehe 14 Oktoba 2025. Mwanae akamwambia, baba usihangaike, nitakununulia laptop. Mzee hakumjibu. Ila mimi aliniambia: "Nimefungua redio za watu miaka arobaini. Leo nipewe kitu kimefungwa kama pipi?"

Na haraka anayo. Chini ya kitanda ana makasha mawili ya kanda, nyimbo za dansi na vipindi alivyorekodi mwenyewe kutoka Radio Tanzania Dar es Salaam enzi hizo. Kanda zimeanza kuota ukungu. Anataka azihamishie kwenye kompyuta kabla hazijafa zote. Mbili tayari zimekatika.

Basi nikakaa. Na kwa vile mimi nikiona kitu lazima nikichimbe, usiku nikaingia mtandaoni kusoma hawa watu wanaounga kompyuta zao walianzia wapi. Nilichokikuta kimenifanya nimwangalie huyu mzee kwa jicho lingine kabisa.

Kompyuta ya kwanza ya serikali yetu ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Hesabu za serikali zikawekwa humo, mambo yakaenda kombo, na fedha za kigeni zilikuwa za kuhesabu. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta na vifaa vyake nchini. Televisheni nazo zikakumbwa humohumo. Ndiyo maana Zanzibar walianza kuona TV ya rangi miaka ya sabini mwanzoni, sisi wa bara tukasubiri mpaka 1994. Wazazi wako wakikwambia walikuwa wanaambatana na redio tu, hawakutanii.

Mzee wangu mwaka huo 1974 alikuwa na miaka 19, ndio anajifunza kushika lehemu.

Sasa angalia kilichotokea mwaka uliofuata kule Marekani. Januari 1975 jarida la Popular Electronics likatoka na picha ya kompyuta kwenye kava, inaitwa Altair 8800. Iliuzwa na kampuni ndogo ya MITS ya mji wa Albuquerque, bei dola 397, na kwa bei hiyo ulikuwa unaletewa vipande. Unafungua boksi unakuta bodi, chipu, waya na karatasi ya maelekezo, ulehemu mwenyewe. Kichekesho ni kwamba ile ya kwenye kava ilikuwa ganda tupu, kwa sababu ya kweli ilipotea njiani ikisafirishwa kwenda kwa wahariri. Yaani hata kava la kwanza la historia lilikuwa na filta.

Kampuni ilitegemea kuuza mia kadhaa. Oda zikaja maelfu, watu wakasubiri mizigo miezi. Na ukishaipata, ukishaunga kila kitu, ukaomba Mungu ukaiwasha, unapata nini? Taa nyekundu na swichi. Hakuna skrini wala kibodi. Kumbukumbu yake baiti 256, yaani ujumbe mmoja wa kumtongoza mtu unaijaza yote. Programu unaiingiza kwa kupandisha na kushusha swichi za mbele, moja baada ya nyingine, na ukizima umeme kila kitu kinafutika.

Kero zote hizo na bado watu waliipenda. Mwaka huohuo 1975, Machi, wapenzi wa haya mambo wakakutana kwenye gereji huko Menlo Park, California, wakaanzisha klabu yao, Homebrew Computer Club. Jamaa mmoja wa klabu aligundua kwamba ukiweka redio ndogo karibu na Altair, redio inanasa makelele ya mashine. Akapanga programu mpaka makelele yakawa wimbo wa Beatles! Nilipomsimulia mzee hiyo, alicheka mpaka akavua miwani. "Hayo makelele nayajua," kasema. "Tulikuwa tunayafukuza kwenye redio za wateja kila siku, wenzetu wakayageuza muziki."

Hapo ndipo iliponiingia. Kompyuta ya 1975 ilikuwa kazi ya fundi redio. Lehemu, kipimo cha umeme, sikio, subira. Wengi waliozinunua walikuwa watu wa redio na vifaa vya umeme. Ndiyo kazi aliyokuwa anaijua huyu mzee wa Temeke, akiwa na miaka 20, mkono hautetemeki, jicho linaona uwazi wa unywele. Ila mlango ulikuwa umefungwa mwaka mmoja kabla. Simlaumu mtu, nchi ilikuwa na shida zake, sukari yenyewe ilikuja kuwa ya foleni. Nasema tu ilivyokuwa.

Baada ya hapo ile lehemu ikaanza kutoka kwenye stori. Apple ya kwanza, mwaka 1976, iliuzwa dola 666.66 ikiwa bodi iliyokwisha kuungwa, boksi na kibodi utajua mwenyewe. Agosti 1981 IBM wakatoa PC yao, na kwa sababu walitumia vipande vya kununua kwa watu wengine na kuacha nafasi za kuchomeka kadi, kampuni nyingine zikaiga. Kuiga huko ndiko kumetufanya leo uende Kariakoo ununue madabodi ya kampuni hii na prosesa ya kampuni ile vikakubaliana.

Vikakubaliana kinadharia. Miaka ya themanini na tisini ilikuwa na mateso yake. Ukitaka kuweka kadi ya sauti lazima uipe namba ya mstari wa kuitia prosesa, na mistari ilikuwa kumi na sita tu, mingine imeshachukuliwa. Unaziweka namba kwa vijikofia vya plastiki vinavyovikwa kwenye pini, vinaitwa jampa. Kadi mbili zikigombania namba moja, sauti haitoki au kipanya kinaganda, na hakuna anayekwambia kwa nini. Windows 95 ilikuja na ahadi ya chomeka-ikubali. Watu wakaibatiza chomeka-uombe.

Kali kuliko zote ilikuwa plagi za umeme za madabodi. Zilikuwa mbili zinazofanana, zinakaa pamoja, na sheria moja: waya nyeusi zikutane katikati. Ukizigeuza, unaweza kuiunguza bodi yako mpya ukiwa unaiangalia. Muundo wa ATX uliotoka 1995 ndio ulioleta plagi moja isiyoingia kinyume.

Uchumi wetu ulikuwa umeshafunguliwa miaka hiyo na kompyuta zinaonekana ofisini mjini. Nikamuuliza mzee, mbona hukuanza hapo? "Nilikuwa na watoto wanne wanasoma," akajibu. Akaendelea kupanga skrubu. Sikuuliza tena. Halafu piga hesabu, alikuwa na miaka arobaini, na arobaini ndiyo jicho linapoanza kukataa kusoma cha karibu.

Turudi mezani kwake. Vijana mtasema kuunga kompyuta siku hizi ni mchezo wa watoto, kila plagi ina tundu lake. Ni kweli. Lakini ni mchezo ulioandikwa kwa herufi za ukubwa wa mguu wa sisimizi. Waya za kitufe cha kuwashia ni vijiplagi vyembamba, vinaingia kwenye pini zilizopangwa kwenye kona ya bodi, na ipi ni ipi imechapwa pembeni kwa herufi ambazo hata mimi nilizisoma kwa kupiga picha na kukuza. Pini za prosesa ndiyo usiseme. Intel walizihamishia kwenye soketi ya bodi mwaka 2004, ni nyembamba kama nywele, ukigusa kwa kidole zimelala. Mzee alishusha ile prosesa kama anamlaza mtoto mchanga. Mikono inamtetemeka kidogo, akaikaza kwa kushusha pumzi kwanza. Mimi ndio nilikuwa siwezi kuangalia.

Dukani nako alishapata yake. Alienda kuulizia CPU. Bongo, CPU ni boksi zima, si tunajuana? Akaletewa boksi zima. Akaeleza anataka chipu yenyewe tu, yule dogo wa dukani akamwangalia, halafu akaongea na mimi! Mimi niliyekuja kubeba mifuko. Kila mzee akiuliza, jibu linakuja kwangu. Na RAM tuliyopewa ilikuwa DDR3 wakati bodi inataka DDR4. Pengo la katikati halipo sehemu moja, haikai hata uibembeleze. Tukapanda daladala kurudi. Mzee njia nzima kimya.

Jumamosi jioni kila kitu kikawa ndani. Akabonyeza. Feni zikazunguka, taa ikawaka, nikapiga makofi kama mjinga. Skrini nyeusi. Tukangoja. Nyeusi tu.

"Ingelia tungejua," kasema mzee. Kumbe anajua: kompyuta za zamani zilikuwa na kispika kidogo ndani, ikiwaka salama inalia "pii" moja, ikiwa na ugonjwa inalia kwa mpangilio wake. Bodi nyingi za sasa hazikuletei hicho kispika. Zina kitaa kidogo kwenye kona, au hazina kitu. Yaani masikio yake bado mazima kabisa, na ndicho kiungo ambacho hii mashine imeacha kuongea nacho.

Mimi nikaingia YouTube. Video ya kwanza, ya pili, ya tano, kila mmoja ana lake. Toa RAM, rudisha RAM. Saa nne usiku simu ya mwanae ikaingia, mzee akaiangalia ikaita mpaka ikakatika. Niliona uso wake. Alijua ataulizwa nini.

Halafu akasema zima hiyo video. Akachukua bisibisi, akaishika kama kalamu, akaanza palepale umeme unapoingilia. "Redio imekufa, humuulizi mtu. Unafuata umeme. Umeingia hapa, umekwenda wapi?" Nikamulika kwa tochi ya simu. Tukafuata waya mmoja mmoja, yeye anauliza, mimi nasoma. Plagi kubwa ya pini 24, ipo. Feni, ipo. Prosesa inakula wapi? Nikasema si inakula kwenye bodi. "Bodi inampa kutoka wapi?"

Juu kabisa kwenye kona, nyuma ya feni, kulikuwa na tundu la pini nane, tupu. Waya wake ulikuwa umejikunja nyuma ya boksi, bado umefungwa na kile kibano cha plastiki cha dukani. Prosesa ilikuwa haijala tangu jioni.

Alichomeka mwenyewe. Akabonyeza. Skrini ikaleta maandishi meupe.

"Inasemaje?" akauliza, maana miwani ilikuwa barazani.

Nikamsomea: haioni diski yoyote ya kuanzia.

Mzee akakaa chini, akacheka kicheko kirefu cha mtu aliyechoka. "Basi imeanza kuongea," kasema. Akamtuma mjukuu chai.

Jumapili tulipata diski imelegea, hivi ninavyoandika Windows inajiweka, na tunatafuta waya wa kutoa sauti kwenye deki ya kanda kuingia kwenye kompyuta. Deki yenyewe mkanda wake wa mpira umekufa, Kariakoo nimezunguka maduka sita sijapata. Mdau mwenye kujua mpira wa deki unapatikana wapi Dar, dondosha komenti hapo chini. Na wewe unayetaka kuandika "si angenunuliwa tu laptop", endelea kupita.