Mchungaji Jacobson na Chanjo ya Ndui

Mama wa Izimbya ampelekaye mwanawe kliniki, kadi mkononi, pengine hajui kwamba anatimiza sheria. Kifungu cha 8 cha Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kinaihesabu chanjo katika matibabu ambayo mzazi anawajibika kumpatia mtoto. Dini haikutajwa hapo kuwa sababu ya kusamehewa. Je, mzazi akisema imani yake yamkataza?

Mwenzetu mmoja alikwisha kufikishwa mahakamani kwa jambo la namna hii. Mwaka 1902 ndui ilizuka Cambridge, Massachusetts, nchini Marekani, na halmashauri ya afya ikaamuru watu wachanjwe. Henning Jacobson, mchungaji wa Kilutheri mzaliwa wa Sweden, alikataa, akatozwa faini ya dola 5. La ajabu ni kwamba hakujitetea kwa Maandiko. Alidai kwamba chanjo ya utotoni ilimdhuru, na kwamba amri ile ilivunja uhuru wake wa kiraia. Mwaka 1905 Mahakama ya Juu ilimkatalia, majaji 7 kwa 2.

Uingereza ilikwisha kuchagua njia nyingine mwaka 1898: mzazi aliyewaridhisha mahakimu kwamba dhamiri yake yakataa aliweza kusamehewa, awe na dini au asiwe nayo. Naona hapo palikuwa na haki zaidi kuliko kuwasamehe waumini peke yao.

Kwetu, ibara ya 19 ya Katiba yalinda imani. Ibara ya 30 yaruhusu sheria kuuwekea uhuru huo mipaka kwa ajili ya afya ya jamii.