Kuzimika kwa injini ya foklifti wakati wa kunyanyua

Hitilafu hii huzipata foklifti za petroli, gesi na dizeli. Injini hunguruma vizuri ikiwa sailensa, lakini hufa mara dereva anapovuta wenzo wa kunyanyua, anapolaza mlingoti nyuma au anapokata usukani hadi mwisho. Ama injini imepungukiwa nguvu, ama mfumo wa haidroliki unaidai kupita kiasi. Fundi asiyetenganisha haya mawili mapema huishia kubadilisha vipuri vizima na kuviacha vibovu mahali pake.

Pampu ya haidroliki, ambayo kwa kawaida ni ya gia, huzungushwa na injini yenyewe. Mzigo inaoutwika injini hutegemea presha ya oili na ujazo wa pampu, si kasi. Pampu inayosukuma sentimita za ujazo 28 kwa kila mzunguko, presha ikifika baa 180, hudai takriban nyutonimita 80, iwe injini inazunguka mara 700 au mara 2,000 kwa dakika. Kwenye sailensa injini haina akiba hiyo mpaka gavana au mfumo wa umeme uiongezee mafuta upesi. Fundi aliyezoea injini ya Toyota 4Y kwenye Hiace aliangalie sana jambo hili: katika gari hakuna pampu kubwa ya kuikaba injini ghafla namna hiyo.

Kipimo cha kwanza hufanywa uma ukiwa mtupu, breki ya mkono imevutwa na watu wako mbali. Mlingoti hulazwa nyuma hadi mwisho na wenzo kushikiliwa sekunde mbili tatu. Injini nzima hushuka sauti kidogo kisha hujikaza, huku vali ya kupunguza presha ikisikika ikipitisha oili kurudi tangini. Ikizimika, geji ifungwe kwenye tundu la kupimia. Presha ikizidi ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha mashine, vali hiyo imekwama au kuna mtu aliyeikaza ili foklifti ibebe zaidi ya kibao chake cha uwezo. Kuikaza hivyo ni hatari: mipira hupasuka na mashine hupinduka. Skrubu yake isiguswe kamwe bila geji. Presha ikiwa juu hata nyenzo zote zikiachwa, njia ya kurudia oili imeziba, mara nyingi kwenye chujio, au kijiti cha vali ya wenzo kimekwama ndani.

Presha ikiwa ya kawaida na injini bado inakufa, lawama huhamia kwenye injini. Foklifti yenye toki konveta ikanyagwe breki, iwekwe gia na kuongezwa mafuta kwa muda mfupi. Ikikosa nguvu hapo pia, haidroliki haina kosa. Ikivumilia hapo, lakini pampu inalia na kupata joto upesi, huenda gia au beringi za pampu zinasagana.

Foklifti za gesi zina maradhi yao. Propeni huchemka kwenye nyuzi -42 za Selsiasi, na joto la kuigeuza mvuke hutoka kwenye maji ya rejeta yanayopita ndani ya kivukizi. Maji yakipungua au mpira ukiziba, kivukizi hufanya barafu. Sailensa hubaki nzuri kwa kuwa gesi kidogo inatosha, ila mzigo ukija injini hukosa pumzi. Hata kufungua mtungi kwa haraka huweza kufunga vali ya usalama iliyo ndani yake. Tiba ni kuufunga, kusubiri kidogo, kisha kuufungua polepole.

Kwenye petroli hukaguliwa plagi, nyaya zake, kabureta na hewa inayoingizwa kwa wizi. Kwenye dizeli, chujio la mafuta na hewa iliyoingia kwenye laini. Chujio la hewa lililojaa vumbi la saruji au unga huzidhoofisha zote.

Uma hushuka kwa uzito wake, bila pampu kuusukuma. Injini inayozimika wakati wa kushusha ichunguzwe kwanza upande wa umeme: nyaya zinazotikisika, swichi ya kiti na vituo vya betri. Sailensa hurekebishwa mwisho kabisa, kwani kuipandisha mapema huficha ugonjwa na kuipa pampu kazi bila sababu.